Mama Cecil na Dubu Tisa wa Yuster

Kila dubu wa kitambaa aliyetoka mikononi mwa Yuster alikuwa na jicho la kushoto lililoshuka. Wa kwanza wanawake wa kikundi cha kudarizi walimcheka, wakasema huyu hakulala, alikuwa ngomani. Wa tatu hawakumcheka. Walipofika tisa, Mama Nurdin, mwenyekiti, aliwapanga mezani wakitazama watu kwa macho yao yaliyolegea, akasema mbele ya wote kwamba duka la Dar es Salaam liliagiza dubu sitini wazima, na gari la kuwachukua lingefika Ijumaa. Wapelekwe kwa Mama Cecil, kama wanaponyeka. Kama hawaponyeki, binti ampishe mwingine.

Sophia, mama yake Yuster, alikuwa amekaa mlangoni akijaza sufi matumboni mwa dubu wa wenzake. Hakuinua uso. Tangu jina la Yuster likosekane kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari, kikundi hiki ndicho kilichobaki. Kilikuwa kimepanga chumba cha lililokuwa duka la ushirika hapa Newala, na humo mtoto alijifunza kudarizi, akapata mahali pa kwenda kila asubuhi. Akifukuzwa angekaa nyumbani, na msimu wa korosho ulikuwa umekaribia. Siku hizi wanunuzi binafsi walikuja na malori na redio kubwa, na Sophia aliwajua wasichana wawili wa mtaa wake walioondoka na malori hayo. Usiku hakupata usingizi kwa kuwafikiria.

Alfajiri alitia dubu tisa kapuni, akashika njia ya Mkunya.

Mama Cecil, ambaye jina lake ni Mabel, ndiye aliyerekebisha kazi za kikundi zilizoharibika. Hakuja chumbani kila siku kwa sababu ya magoti. Alizaliwa Chidya, baba yake akiwa mtunza taa za shule, na alipokuwa na miaka tisa sista mmoja wa misheni alimchukua kumfundisha kudarizi vitambaa vya altare. Uzi ulitoka Ulaya kwa meli na ulichelewa, kwa hiyo sista hakuruhusu ukatwe. Aliyekosea alifumua polepole, akaunyoosha uzi uleule na kuutumia tena. Hivyo Mabel alijua kufumua kabla hajajua kudarizi vizuri. Aliolewa Mkunya, akazaa watano, akafiwa na mume. Ile miaka ambayo maduka yalikuwa na rafu tupu, watu walimletea masweta yaliyotoboka, akayafumua na kudarizia foronya za maharusi. Sasa maduka ya Wahindi na ya wachuuzi yalikuwa yamejaa nyuzi za kila rangi, na wasichana walikata na kutupa. Yeye hakuwagombeza, ila vipande walivyotupa aliviokota.

"Shikamoo, Mama Cecil."

"Marahaba. Umeniletea wagonjwa wangapi?"

"Tisa."

"Wodi nzima," akasema, akakunjua mkeka.

Alianza na wa kwanza. Alifumua mshono wa kisogoni, akachomoa sufi, akageuza kichwa ndani nje, kwa sababu yeye hakuangalia kosa kwa mbele. Sophia alipomwona anafanya kazi kimya, hofu ilimfungua mdomo. Akamsema mwanawe. Akasema mtoto huyu ana haraka, hana akili ya kazi, anakaa ameinamisha kichwa upande kama kuku anayesikiliza mwewe, na mara mbili amemchapa mkono kwa uzembe huo. Akamwomba Mama Cecil amsaidie tu, hata mara hii moja, Mama Nurdin asipate la kusema.

Mama Cecil alifungua wa pili, wa tatu, akaendelea mpaka wa tisa bila kurekebisha hata mmoja. Kisha akazipanga nyuso zote mkekani, nyuma juu.

"Njoo utazame, Mama Yuster. Jicho hili la kulia. Unaonaje?"

Sophia aliona mishono midogo iliyolingana kama meno ya mtoto.

"Na hili la kushoto?"

Lilikuwa vilevile. Mishono ileile, fundo lilelile safi. Ila jicho zima lilikuwa limekaa chini ya mahali pake, kiasi cha punje ya mchele, kwa dubu wote tisa.

"Mzembe hukosea leo hapa, kesho pale," alisema Mama Cecil. "Huyu amekosea mahali pamoja mara tisa. Mkono wake ni mzuri kuliko wa hao wanaomcheka. Umewahi kumfunika jicho moja ukamuuliza anaona nini?"

Sophia alikaa chini. Alikumbuka vikombe vilivyovunjika, na mwalimu aliyeandika kwamba mtoto hunakili vibaya ubaoni, na kizingiti alichojikwaa kila siku. Yote aliyaona. Hakuna kilichompita. Aliyaona na akayaita utundu.

"Nimempiga kwa ajili ya hilo," akasema.

"Basi usimpige tena. Nipe uzi wa kahawia."

Kazi ilichukua siku mbili. Mama Cecil aliuvuta uzi kwa tundu la sindano, si kwa ncha, ili usichane kitambaa. Palipobaki matundu, mwingine angelowesha maji, lakini maji ya Mkunya yalibebwa kichwani kutoka bondeni. Yeye alikisogeza kitambaa kinywani, akakihemea mpaka kikapata unyevu, kisha akasugua kwa ukucha hadi nyuzi zikajifunga. Sophia alitafuta jicho la zamani lilikuwa wapi, hakulipata.

Walipofika wanane, akamshona wa tisa kisogo na kumwacha na jicho lake bovu.

"Huyu umpeleke Masasi kwa daktari wa macho, pamoja na mtoto. Wewe ukianza kueleza utalia. Mwonyeshe huyu."

"Na hesabu ya Mama Nurdin?"

Alhamisi Mama Cecil alipandishwa nyuma ya baiskeli na magoti yake hayo, akaenda Newala. Aliwaweka wanane mezani. Mama Nurdin aliwageuza mmoja mmoja dirishani, akawachanganya na wa wengine, akashindwa kuwatambua.

"Nina hamsini na tisa," alisema. "Duka limetaka sitini."

"Waambie mmoja yuko hospitali."

Wanawake walicheka. Mama Cecil hakucheka. Alimwinamia mwenyekiti, akamweleza taratibu alichokiona nyuma ya zile nyuso, na kwamba akimtoa binti yule atakuwa ametoa mkono bora chumbani. Mama Nurdin akasema kiti cha Yuster kisikaliwe na mtu mwingine.

Miwani ya Yuster ilipatikana Masasi baada ya wiki sita, mizito, yenye fremu ya kiume. Duka lilikubali kumngoja dubu wa sitini, na Yuster ndiye aliyepewa kitambaa chake. Alipomaliza, macho yote mawili yalikaa sawa. Sophia alitaka kushangilia, lakini Mama Cecil alikuwa amekwisha kukifungua kisogo.

"Mdomo umeuvuta mno," alisema. "Fumua."

Yuster alivuta kiti karibu na mwanga, akatafuta fundo.