Siku Koko Alipanda Tairi

Koko alikuja kwetu Kitengela kutoka Mashuuru juu ya macho. Akapelekwa kliniki, akapewa miwani, na jioni hiyo hiyo akaketi nje ya nyumba kuijaribu. Akaangalia kuku ya jirani. Akaniangalia mimi, akasema nimekonda na hakuna mtu alikuwa amemwambia. Halafu akainua uso juu ya mabati ya ploti, akauliza:

"Ile ni nini inazunguka na haifiki?"

Ilikuwa ile gurudumu kubwa ya park ya michezo, ile inabeba watu kwa vikapu vya chuma, inawapeleka juu kabisa, halafu inawarudisha pale pale iliwatoa. Nikamweleza. Koko akasema kumbe ni tairi tu, na tangu siku hiyo hakuna mtu kwetu ameiita kitu kingine.

Koko ni nyanya kwa Kimaasai; huyu ni mama ya baba. Maisha yake yote, kitu ya juu zaidi amepanda ni lori ya ng'ombe. Lakini alizaliwa hapa hapa, kwa hizi nyika, wakati Kitengela haikuwa Kitengela, kabla watu wao wahamie Mashuuru. Boma yao ilikuwa mahali fulani hapa, na kila akija lazima aitafute. Anatembea, anatembea, halafu anakutana na ukuta. Akizunguka ukuta, geti. Akizunguka geti, mbwa. Anarudi jioni viatu nyeupe na vumbi, anasema wamehamisha nchi.

Kwa hivyo mimi na mdomo yangu, ambayo haijawahi kuomba kichwa ruhusa, nikamwambia: koko, ukiwa juu ya hiyo tairi utaona mpaka pahali ulizaliwa.

Koko akatoa miwani, akaipanguza na shuka, akairudisha.

"Lini?" akasema.

Mathe, ambaye ni Mkikuyu wa Murang'a na anaamini kila kitu hatari ilianzishwa na mimi, alitoka jikoni akaniangalia vile huniangalia. Nilikuwa nimeahidi mama mkwe wake. Hapo hakuna kurudi nyuma.

Sasa, hiyo tairi naijua. Mimi nauza maji na mkokoteni, na kuna wakati nilikuwa napeleka mitungi huko ndani ya park kwa watu wa chipo, wale wanakaanga viazi. Hata siku ya kawaida kuna laini. Na koko alikuwa anabaki mpaka Krismasi tu. Kesho yake mchana kulikuwa na pikapu ya kumrudisha Mashuuru, kwa sababu mbuzi zake zilikuwa karibu kuzaa na hamwamini mtu yeyote na hizo mbuzi, hata baba. Na kwa sababu mimi nilikuwa na maji ya kuuza mpaka Krismasi yenyewe, siku ya kupanda tairi ilikuwa hiyo kesho yake ya Krismasi peke yake, siku ambayo Kitengela yote, na Rongai, na Embulbul, wanaamua kwa pamoja kwamba watoto wao lazima wapande kitu. Na ubaya zaidi ni upepo. Asubuhi huwa imelala, lakini jua ikishika, upepo wa nyika inaamka, na ikiamka wanasimamisha tairi mpaka jioni. Jioni koko angekuwa Mashuuru anapanguza miwani.

Kwa hivyo ni kuingia wa kwanza ama hakuna kuingia.

Shule niliachia darasa la nane, lakini huo mpango niliupanga kama mtu wa jeshi. Nilichora park yote kwa mchanga wa ploti. Watu wa kawaida, nikamwambia mathe, wakiingia geti wanasimama kwa boti za bata, kwa sababu ndio kitu ya kwanza wanaona. Sisi bata hatujui. Tunakata kushoto nyuma ya chipo, pale mkokoteni yangu ilikuwa inapita, tunatokea kwa tairi kama watu wametoka ardhini. Hakuna chai nyingi asubuhi, kwa sababu chai ni choo na choo ni laini ingine. Mathe akasema hakuna mtu atatoka kwake bila chai hata kama tairi inaenda mbinguni. Tukapatana chai ibebwe kwa thermos.

Tulifanya hata mazoezi. Niliweka beseni mbili zikawa geti, kamba ya nguo ikawa mwisho, majirani wakatoka na viti. Koko alipita katikati ya beseni na fimbo yake, akakata kushoto, akafika kwa kamba kabla mathe amalize kufunga lesso. Huyo mama amefuata ng'ombe miaka yote. Mwendo ako nayo. Nikalala nikiwa na furaha mbaya. Nilikuwa naota nikiwa juu.

Asubuhi yenyewe kulikuwa na baridi na giza bado imebaki kwa kona. Koko alikuwa amevaa shanga zote, hata zile za harusi ya watu. Tulifika kwa geti hakuna mtu. Nasema hakuna mtu. Askari wa geti alikuwa anapiga mswaki. Nikashika chuma ya geti na mkono moja, nikaangalia mathe, nikamuuliza kama ashaona mtoto wake ni mtu wa maana. Akaniambia nivute kamasi.

Halafu watu wakaanza kuja. Gari, pikipiki, watoto na nguo mpya zinakwaruza shingo. Laini ikaanza kurefuka nyuma yetu, na mimi kila nikiihesabu nasikia utamu, kwa sababu wote walikuwa nyuma.

Koko akageuka akaiona.

Hapo ndio nilijua kitu nilikuwa nimesahau. Kwa mazoezi geti ilikuwa beseni, na beseni haisalimiwi. Kwa watu wa koko, huwezi simama na umpe mtu mgongo wakati hujamjulia hali. Na hiyo salamu si kupunga mkono. Ni nyumba, ni watoto, ni ng'ombe, nyasi, mvua, na ukimaliza, wewe pia unaulizwa. Nilimwona anatoka mbele ya laini, mahali nilikuwa nimeilinda na mwili yangu, anaenda kwa mtu wa pili.

"Sopa," akamwambia.

Huyo alikuwa Mmaasai wa Kajiado, akajibu "Ipa," na nikajua tumekwisha. Watoto wakaona, wakaanza kuinamisha kichwa waguswe, kama inavyofanywa, na hata wale wa Rongai ambao hawajui kwa nini wakainamisha pia. Nikamfuata nikimnong'oneza kwamba koko, tutawasalimia tukishuka. Akaniuliza kama nimelelewa na mbwa.

Karibu katikati kulikuwa na jamaa wa makamo, amekuja na msichana wake mdogo, funguo inaning'inia kwa kidole. Koko akamuuliza watoto. Wako salama. Ng'ombe? Jamaa akacheka, akasema shosh, mimi wa kuishi fleti, ng'ombe nitaiweka wapi.

"Sasa uko na nini?" koko akauliza.

"Niko na gari."

"Na gari iko salama?"

Nilitaka kujificha ndani ya thermos. Lakini jamaa aliacha kucheka. Akaangalia chini, akasema kusema ukweli haiko salama. Ni giaboksi. Fundi wa kwanza amesema hivi, wa pili amesema vile, asubuhi inasukumwa na watchman. Koko alimsikiliza mpaka mwisho, akasema pole. Akamuuliza kama iko na umri. Akamuuliza sasa vile yeye yuko hapa, imebaki na nani. Jamaa akageuka akaangalia mahali ameipaki, na uso yake ilikuwa ya mtu ameacha mgonjwa peke yake.

Wakati huo geti ikafunguka.

Watu walimwagika kama maharagwe. Mathe, peke yake pale mbele, alisukumwa ndani na thermos juu ya kichwa, namsikia akiita jina langu yote tatu. Koko alikuwa bado na watu wachache, na hakukimbia. Alimaliza. Tuliingia tukiwa wa mwisho kabisa, nyuma yetu ni askari na mswaki yake.

Nikasema bado kuna njia ya chipo. Tukakata kushoto, tukampata mathe amekwama kwa bata, tukamvuta, tukapita katikati ya magunia ya viazi, tukatokea kwa tairi. Na huko pia kulikuwa na laini. Kumbe watu wengine pia wamewahi peleka vitu kwa chipo. Lakini ilikuwa inasonga, na hewa ilikuwa imetulia, kwa hivyo nikarudisha moyo. Tairi ikizunguka hapo juu yetu ilikuwa kubwa kuliko kitu yoyote naijua. Koko alirudisha kichwa nyuma mpaka shanga zikalala kifuani, na alikuwa anatabasamu kama mtu anaona mvua inakuja.

Tulikuwa tumebakisha watu kidogo tu wakati bendera ya mlangoni ilicheza. Mara moja. Halafu ikanyooka.

Kijana wa tairi, mwenye vesti ya reflekta, aliangalia bendera, akaangalia juu, akashika mnyororo. Akasema kikapu ni moja imebaki, na baada ya hiyo ni jioni. Mbele kabisa, zamu yake imefika, alikuwa yule jamaa wa gari na msichana wake.

Nikajaribu mdomo. Nikamwambia kijana kwamba koko ni mwepesi, hata upepo haitamwona. Hakucheka. Nikamwambia mimi ndio nilikuwa naletea hii park maji, bila mimi hangekuwa amenawa uso. Hakucheka hata hiyo. Mdomo yangu imenipitisha mahali mingi, lakini hapo ilikauka, na koko akanishika kwa mkono.

"Wacha," akasema. "Tutaiona kutoka chini."

Alisema polepole, bila hasira, na hapo nilisikia vibaya kuliko angenipiga.

Jamaa alikuwa ashaingiza mtoto. Akageuka, akamwambia kijana wa tairi, "Hicho kikapu ni ya watu wanne. Hawa ni wangu."

Kijana akaangalia koko na shanga zake, akaangalia jamaa na jaketi yake ya mtumba. "Huyu ni shosho yako?"

"Ameulizia gari yangu," jamaa akasema. "Kwetu hakuna mtu amewahi uliza."

Na akafanya kitu sikuitarajia. Mtu mzima na kipara, akarudi hatua, akainamisha kichwa mbele ya koko kama mtoto. Koko akamwekea mkono pale juu. Kijana wa reflekta akafungua mnyororo. Mathe alikuwa ashasema yeye na thermos wako sawa hapo chini.

Sitasema nilifanya nini tukipanda. Nitasema tu kwamba yule msichana mdogo alinishika mkono na kuniambia nisiangalie chini. Koko hakushika kitu. Alipanguza miwani. Tulipofika juu upepo ulikuwa unasukuma kikapu, na nchi yote ilikuwa imetandazwa: mabati, mabati, barabara ya Namanga, nyika kidogo imebaki. Akatafuta mlima wa Lukenya, akaushika na kidole moja. Akatafuta vilima vya Ngong, akavishika na kidole ya mkono ule mwingine. Halafu akaleta mikono pamoja polepole mpaka ikakutana, na akaangalia hapo katikati.

"Pale," akasema. "Ile tangi nyeusi. Hapo ndio nyumba ya mama yangu."

Nikafungua jicho moja. Ilikuwa tangi ya maji, kubwa, juu ya chuma, kwa ploti ya mtu. Nikaanza kumwambia pole, nikidhani ataumia.

"Tulikuwa tunatoka usiku kutafuta maji," koko akasema. "Mpaka huko chini mtoni. Na sasa maji imekuja kusimama kwa mlango ya mama." Akacheka, akacheka mpaka miwani ikashuka. Halafu akanigeukia. "Sasa wewe utauzia nani?"

Jamaa alicheka akasahau giaboksi. Tairi ikatushusha, mimi nikishukuru kila chuma tunayopita, na kijana wa reflekta akafungua mlango akitaka tutoke haraka afunge kazi.

Lakini koko hakuwa amemsalimia. Akasimama hapo hapo, nusu ndani nusu nje.

"Sopa. Mama yako yuko salama?"

Kijana akasema yuko.

"Na tairi?"

Nilikuwa nimeweka mguu moja chini. Kijana akaangalia juu, akajikuna shingo, akasema kusema ukweli, kuna bearing moja huko juu inalia siku hizi.

Mguu wa pili niliuweka haraka sana.