Choo Tunacho

Nilikuwa namwogesha binti yangu wa miaka mitano mkono wangu ulipogusa kitu kigumu chini ya kitovu chake. Tumbo lilikuwa likimsumbua kwa majuma kadhaa, na bibi yake, mama mkwe wangu, alikwisha kumpeleka zahanati wakapewa dawa ya minyoo. Mimi ni mtu wa kukimbilia mabaya. Kabla sijamfuta maji nilikwisha kumwona kwenye kitanda cha upasuaji.

Kesho yake mimi na mama mkwe tukapanda bodaboda kutoka Rhotia hadi Karatu mjini, tumebanana mishikaki, mtoto katikati. Hospitali wakamnywesha maji na kumkataza asikojoe, ili kibofu kijae na picha ionekane vizuri. Akalala kitandani amebana miguu, amenishika kidole. Daktari, dada mmoja mpole, akampaka ute tumboni.

"Baridi!" akalalamika.

Daktari akatembeza kifaa cha kupigia picha juu ya tumbo, akarudia mahali pamoja. Nikamwambia Mungu anichukulie chochote, huyu aniachie.

"Bibi, mtoto anapata choo?" daktari akauliza.

"Anapata, mwanangu. Choo tunacho, kizuri, cha bati. Baba yake kakijenga juzi tu."

Daktari akainamisha uso. Mabega yakamtikisika.

"Namaanisha haja kubwa, bibi. Inatoka?"

Mama mkwe, ambaye Kiiraqw ndicho cha moyoni na Kiswahili ni cha sokoni, akanitazama. "Hiyo sijui. Anaenda mwenyewe." Kumbe hata zahanati waliuliza hivyo hivyo, naye akawajibu kwamba choo tunacho, kwa fahari.

"Basi si uvimbe," daktari akasema, akituonyesha kwenye skrini, nyuma ya kibofu, utumbo uliotanuka. "Ni mavi. Yamejaa, yamekauka. Hakuna upasuaji. Tutampa dawa ya kuyalainisha."

Nilicheka, kisha nikalia, na ute ule ukanigandia shavuni kwa kumkumbatia mtoto. Yeye akaninong'oneza kwamba siku moja haja ilimuuma sana, ndiyo maana akawa anaizuia. Bibi yake akamfuta tumbo kwa ncha ya kanga, taratibu, akimsemesha Kiiraqw. Sikumlaumu. Ningemlaumu vipi mtu aliyejibu alichoulizwa?

Tukaanza dawa, maji mengi, mapapai, na kukaa chooni kila baada ya kula. Siku za mwanzo alilia, nami nikasimama nje ya mlango nikimbembeleza hadi sauti ikanikauka. Asubuhi moja akanyamaza muda mrefu. Nikataka kusukuma mlango.

"Mama! Imetoka! Na haijauma!"

Nimewahi kumshukuru Mungu kwa mvua, na kwa mahindi. Asubuhi ile nilipiga magoti kwenye matope, majirani wakisikia, nikamshukuru kwa mavi.