Sifuri Aliyoificha Mjomba

Mjomba wangu si mtu wa maneno mengi, ila ukimuuliza habari za kijito chetu, jiandae kukaa. Atakutoa kwenye matete kinakoanzia, akupitishe nyuma ya kiwanda cha matofali na chini ya daraja la hospitali, hadi kinapoingia mto mkubwa. Njiani atakutajia kila shimo la kaa, na mahali fisi maji alipozalia.

Kazi yake ni kusoma kipimo. Miaka ishirini na sita sasa, kila asubuhi anashuka darajani, anasoma ubao wa namba uliosimikwa majini, anaandika kimo kwenye daftari la idara ya maji. Pembeni, bila kuagizwa na mtu, huandika alichokiona: midiria wawili, kenge mmoja, vyura tele. Sisi tunamwita Bwana Rula.

Kiangazi cha kwanza maji yalipokauka, hakuandika sifuri. Alisikia kwamba mto ukisoma sifuri, kituo cha kupimia kinafungwa na mto unafutwa kwenye orodha. Akaona heri akifichie kijito aibu. Akaandika sentimita arobaini. Viangazi viwili vilivyofuata, hivyo hivyo. Mficha uchi hazai, na msemo huo yeye ndiye aliyekuwa akitusimanga nao.

Mwaka jana akaja afisa na barua. Shamba kubwa la huko juu limeruhusiwa kufunga pampu ya kuvuta maji, kwa kuwa kijito hakijawahi kushuka chini ya sentimita arobaini.

"Mwanangu, hizo namba ni za uongo," mjomba alimwambia afisa. "Nilizitunga mimi."

"Acha utani, mzee. Daftari lako tunafundishia wageni kazini."

"Nakwambia kilikauka."

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Basi."

Nilimkasirikia mjomba, sifichi. Alikwenda idarani mara kadhaa, mwisho mlinzi akamzuia getini. Pampu ikafungwa, ikaanza kuvuta. Kambale walifia topeni, watu wakawazoa kwa ndoo. Fisi maji hatujui alikoelekea.

Siku hizi anaandika sifuri ya kweli, hata masika. Wiki iliyopita idara ilimtuma fundi aje kukagua ubao, maana sifuri hizo haziendani na kumbukumbu za nyuma. Fundi aliugonga, akaukuta mzima, umesimama kwenye vumbi.

"Wewe andika tu wastani wa miaka iliyopita, mzee," alisema kwa upole, "wasije wakakufungia kituo."

Mjomba hakuweza hata kumkasirikia.