Siku Niliyolala Kwenye Kiti cha Bwana Harusi

Watu wa Kirumba wakiniona nimebeba begi la kamera bado wananiuliza kama leo nimelala vya kutosha, na mimi nacheka nao, kwani nitafanya nini, aibu ikishaonekana kwenye skrini ya ukumbi mzima huwezi tena kusema haikuwa wewe. Kwa hiyo siku hizi naisimulia mwenyewe. Angalau nikiisimulia mimi sitaongezewa udenda ambao haukuwepo (ulikuwepo kidogo).

Kazi yangu ni kuchukua video za sherehe. Watu wanaona kila wiki niko ukumbini, nimevaa vizuri, muziki unapigwa, wanadhani nimeokota kazi ya raha, hawajui kwamba pilau ninayokula imeshapoa, naila nimesimama nyuma ya spika na sahani nimeiweka juu ya boksi la betri, na nikirudi nyumbani ndipo kazi inaanza, kukata na kuunganisha video mpaka mgongo unakuwa si wangu. Wiki ile nilishafanya kicheni pati Nyakato, kesho yake harusi Magu, nikarudi nikakesha na video ya maharusi wengine waliokuwa wananipigia simu kuliko hata mama yangu, halafu mwenzangu anayeshika kamera ya pili akaangushwa na malaria. Jumamosi nikaingia kwenye sendofu ya Neema peke yangu, macho yanawasha kama nimepuliziwa pilipili.

Sendofu mnaijua, upande wa binti unamuaga binti yao kabla ya harusi, na upande wa mwanaume unaalikwa kuja kukaa na kuangaliwa. Kipindi kinachosubiriwa na wote ni kile cha binti kumtafuta mchumba wake katikati ya wageni, akimpata anamvisha shada la maua na kumpeleka mbele, basi vigelegele. Ila kwa Neema kamati ilibadilisha kidogo. Mama yake alifariki Neema akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake huko Nansio, Ukerewe, kwa hiyo wakaamua bibi ndiye atakayekwenda kumpokea mkwe, amvishe shada na amwambie neno lake. Bibi alikuwa amevuka na meli kutoka Ukerewe asubuhi, amevaa kitenge kipya, na tangu afike alikuwa hasemi sana na watu. Macho yake yana ukungu, na huyo mkwe, Magesa, kijana wa watu wa Musoma, alikuwa hajawahi kumwona hata siku moja.

Mwenyekiti wa kamati alinivuta pembeni kabla hatujaanza. "Doto, hiyo ya bibi ndiyo roho ya shughuli. Mengine yote ukikosa tutakusamehe."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikaenda meza ya akina Magesa, katikati kabisa ya ukumbi, nikasimamisha kamera kwenye stendi, nikaielekeza kwenye kiti chake, nikawasha taa yangu. Kamera ilikuwa imeunganishwa na ile skrini kubwa ya mbele, kwa hiyo chochote inachokiona ukumbi wote unakiona. Magesa akaniambia anakwenda kujisaidia mara moja. Kiti kikabaki wazi.

Sasa sikilizeni uamuzi wenyewe ulivyokuwa mdogo. Mtu ukiwa peke yako huna wa kumkalisha ili upime mwanga, na weusi wa Magesa na wangu ni mmoja, na suti zetu zilikuwa bluu zote kwa sababu kamati ilitaka kila mtu wa kuonekana avae bluu. Nikasema nikae mimi pale, niangalie kwenye skrini kama sura inatoka vizuri, halafu niinuke. Nikakaa. Sura ilitoka vizuri sana. Ila ile taa ilikuwa inanipiga usoni, nikafumba macho kidogo tu ili yapumzike.

Yaliyofuata niliyaona baadaye kwenye video yangu mwenyewe, maana kamera haikulala, iliendelea na kazi. Kichwa kinaanza kushuka taratibu. Mdomo unafunguka. Taa za ukumbi zinapunguzwa, MC anatangaza kwamba bibi anakuja kumpokea mkwe wake, na hapo kwenye skrini mbele ya watu wote ni mimi, mkubwa kama ukuta, nimelala. Watu wakaanza kucheka. Na msiwalaumu, kwenye sendofu ni kawaida kuweka mchumba wa uongo ili kuchangamsha, wakadhani ni mchezo wa MC, na MC naye akadhani ni mchezo wa akina Magesa, akauchochea. Neema alikuwa mbele kabisa, skrini iko nyuma ya kichwa chake, anaona watu wanacheka na yeye anacheka. Magesa mwenyewe alirudi akasimama mlangoni, akaona kiti chake kina mtu, akadhani hivyo ndivyo ilivyopangwa na hakuna aliyemwambia.

Aliyekuwa hajui kama kuna mchezo ni bibi peke yake. Shangazi yake Neema alikuwa amemwonyesha mapema, "Yule wa katikati, mwenye suti ya bluu, penye taa," na bibi akakataa kushikwa mkono, akaja polepole mwenyewe mpaka penye taa. Akainama. Akaanza kunisemesha sikioni, bila maikrofoni.

Niliamshwa na mikono. Mikono mikavu, imeshika yangu miwili kwa nguvu, na shada la maua tayari liko shingoni, na sauti ya bibi inasema, "...na akinuna usimkimbilie. Huyu tangu mtoto akinuna anakwenda kukaa nyuma ya nyumba. Mwache huko huko. Akisikia harufu ya samaki atarudi mwenyewe. Umenisikia yote?"

Hapo ningesema, "Bibi, umekosea mtu," yangeishia hapo. Lakini jamani nimetoka usingizini, sijui niko Magu au Nyakato, mbele yangu kuna mzee amenishika mikono ananiuliza swali, na mimi nimelelewa kumjibu mzee.

"Ndiyo, Bibi. Nimesikia."

MC akamletea maikrofoni, amwambie kila mtu amemwonaje mkwe. Bibi akasimama wima. "Huyu nimempenda," akasema. "Nilivyokuwa naongea ameinamisha kichwa muda wote. Ana adabu."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Kuna mzee mmoja wa upande wa Musoma alicheka mpaka akamwaga soda. Bibi akageuka huku na huku, akitafuta kinachochekwa, na alipogeuka kwangu nilikuwa tayari naangalia viatu vyangu. Shangazi akaja mbio akamnong'oneza. Nilimwona bibi akisikiliza mpaka mwisho, halafu akanyoosha mikono akalivua shada shingoni kwangu, taratibu, likanasa kwenye kola, akalinasua. Kicheko kikaisha chenyewe, na mimi nilitamani kiendelee.

Magesa akaletwa. MC, ambaye sauti yake sasa ilikuwa imepungua, akasema, "Bibi, samahani sana, basi rudia tu yale maneno kwa mkwe wetu."

"Sirudii," bibi akasema. Hakuwa na ukali. "Nilikuja nayo, nimeyatua. Yule ndiye aliyepokea, ameniambia amesikia yote. Ampe mwenyewe."

Basi mnione, nimesimamishwa katikati ya ukumbi, nimetazamana na Magesa, suti moja, maikrofoni chini ya kidevu, na kamera yangu inanirekodi vizuri bila kukosa hata nukta. Nikaanza na nililokuwa nalo. Nikamwambia mambo ya kununa, nyuma ya nyumba, harufu ya samaki. Watu wakacheka, safari hii kicheko cha kumpenda bibi, Neema akafunika uso kwa aibu, na kwa muda mfupi nikadhani nimepona.

"Na ya kwanza?" bibi akauliza.

Nilifikiria kutunga, nawaambia ukweli. Harusi nimehudhuria nyingi, maneno ya wazee nayajua, mpende, mvumilie, msali pamoja, ningeyapanga na hakuna ambaye angejua isipokuwa bibi. Lakini alikuwa amenielekezea yale macho yake yenye ukungu na anasubiri, na nilichoka. Nilikuwa nimechoka sana jamani, hata uongo unataka nguvu.

"Bibi, ya kwanza sikuyasikia," nikasema. "Nilikuwa nimelala. Nikasema ndiyo kwa woga tu. Nisamehe."

Bibi akakaa kwenye kile kile kiti. "Yalikuwa ya mama yake," akasema, si kwangu, kwa Magesa. "Alipokuwa mgonjwa aliniambia, mama, atakayemchukua Neema mwambie hivi. Nimeyatunza."

Neema alikuja akapiga magoti akamlalia bibi yake mapajani, na vipodozi vyote vikaishia kwenye kitenge kipya. Mimi nikarudi nyuma ya kamera nikaendelea kurekodi, kwa sababu ndiyo kazi, na kwa sababu nyuma ya kamera ndiko kulikuwa na pa kuficha uso.

Sherehe iliendelea, keki ikakatwa, watu wakala. Hakuna aliyenifukuza, nadhani wangenifukuza ningejisikia vizuri zaidi. Mwenyekiti wa kamati alipita karibu yangu akaangalia stendi, akaangalia mimi, akapita.

Nilivyofika nyumbani sikulala. Nikafungua ile video nikatafuta sauti. Maikrofoni zilikuwa meza kuu, kamera ilikuwa imeokota muziki wa DJ na vicheko, basi. Nikavaa hedifoni, nikapunguza hiki nikaongeza kile, nikarudia pale pale mpaka nikaujua ule muziki kwa moyo. Unaiona midomo ya bibi inakwenda, inasimama, anameza mate, inakwenda tena. Na mbele yake ni mimi, mdomo wazi. Nafanya kazi hii kwa sababu naamini kitu kikirekodiwa hakipotei, na hicho cha bibi ndicho kitu kimoja walichoniomba nisikikose.

Neema alinipigia. Nilitegemea matusi. "Kaka Doto, kwenye video kuna chochote?" Nikamwambia hakuna. Halafu akasema ameongea na bibi kwa simu, na bibi amesema hakukataa kurudia, alikataa kurudia mle, watu walikuwa wanacheka na maneno ya marehemu hayasemwi watu wakicheka. Wakimaliza harusi waende Nansio wote wawili. Nikamwomba niende nao nikarekodi, vizuri, na maikrofoni zote, iwe zawadi yangu. Neema akasema hajui bibi atasema nini, ila njoo.

Harusi ilipopita tukapanda meli. Nilikuwa nimelala usiku mzima kwa makusudi, nimechaji kila betri ninayomiliki. Bibi alikuwa uani anaanua mihogo, nikampa shikamoo kwa mbali.

"Marahaba." Akaniangalia, au aliangalia upande nilipo. "Huyu naye amekuja kulala?"

"Hapana, Bibi. Nimekuja kurekodi, safari hii yasipotee."

Akawaingiza Neema na Magesa ndani. Mimi nikafuata na stendi begani, nikaanza kuifungua miguu pale sebuleni. Bibi akaisikia.

"Wewe toka nje," akasema. "Na hiyo mashine yako. Mama yake hakuniambia nikaiambie mashine."

Nikatoka. Mlango ukafungwa. Nikasimama uani na kamera yangu (sikukaa, kiti kilikuwepo, sikukaa), naangalia mihogo, nasikia sauti ya bibi bila kusikia neno hata moja, kama kwenye ile video tu. Haikuchukua muda. Walipotoka Magesa alikuwa ameshika mkono wa mkewe, na hakuwa yule Magesa wa kutaniana tuliyepanda naye meli, akauachia akaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba akasimama huko peke yake. Neema alikuwa analia na kutabasamu. Hawakuniambia, na mimi si wa kuuliza.

Tangu siku ile sikai. Ukumbini hata niletewe kochi, nasimama, na mwanga napimia mkono wangu mwenyewe. Video yao nilishawapa, imetoka vizuri, kila mtu anaisifu. Ila huwa nikiwa nahariri za watu wengine, nimechoka, macho yanataka kujifunga, nawaza kwamba kati ya watu wote waliokuwa mle ukumbini mimi ndiye wa kwanza kuambiwa yale maneno, sikioni kabisa, nimeshikwa mikono miwili, na mpaka nife sitajua yalikuwa yanasemaje.