Jina Walilotupa Majirani

Sydney ilikuwa imefungwa kwa korona, nami chumbani kwangu Kensington niliandika kuhusu Wasabini, kabila la kale la Italia. Huenda jina lao limetokana na shina la Kihindi-Ulaya lenye maana ya "sisi wenyewe". Nilipofuta kosa, harufu ya ufutio ilinirudisha siku ya kuandikishwa shule.

Karani alitusomea fomu. Kabila letu aliliandika kwa jina la dhihaka tulilopewa na majirani.

"Futa," mama alimwambia.

"Lakini mama, ndivyo mnavyojulikana."

"Ndivyo mnavyotuita. Sisi tunalo jina letu."

Foleni ilinung'unika, mama hakusogea. Karani akafuta, akaandika upya. Mama, ambaye hakujua kusoma, akampa mzazi aliyefuata ile fomu amsomee. Alipolisikia jina letu, ndipo akaniachia mkono niingie darasani.