Wimbi la Pili na Ukuta wa Upande

Tetemeko la ardhi lilipopita mtaani kwetu Makanyagio, watu wenye akili walitoka nje. Mimi nilibaki kwenye kiti nikihesabu. Nalieleza mwenyewe kwa sababu mke wangu ameshalieleza mtaa mzima, na kwa jinsi anavyolieleza yeye, mtu angedhani hata kidato cha nne sikufika.

Ilikuwa mchana, tumetoka kula. Kikaja kishindo kifupi, kama lori la mahindi limegonga kona ya nyumba. Vikombe vikagongana kabatini. Mke wangu akawanyakua watoto na kupita mlangoni. Mimi nikamwambia kwa utulivu kabisa, "Hilo ni la kwanza. Subiri la pili, ndilo linalotikisa."

Hayo nilifundishwa shuleni, na kwa bahati mbaya sikuyasahau. Tetemeko hutuma mawimbi ndani ya ardhi. La kwanza husukuma na kuvuta, kama treni yetu ya Tabora inapoondoka stesheni: kichwa kinavuta, behewa linashtuka, linalishtua la nyuma yake, mshtuko unafika mkiani kabla abiria hajajua kama safari imeanza. La pili hutikisa ardhi huku na huku, kama kamba ya ng'ombe ukiishika ncha moja ukaichapa. Hilo huchelewa, ila kwa nyumba ndilo baya. Ukihesabu sekunde kati ya hayo mawili, unapata kujua tetemeko limeanzia umbali gani.

Nilitaka kujua kama ni upande wa Ziwa Tanganyika au wa Rukwa, maana tunaishi kati ya mabonde mawili ambako ardhi inajitanua taratibu bila kumuuliza mtu. Baadaye nikakumbuka kwamba hesabu ile hutoa umbali tu, upande haiutaji. Kupata mahali penyewe kunahitaji vituo vitatu. Mimi nilikuwa kimoja, tena kimekaa.

Wimbi la pili lilinikuta katikati ya hesabu. Nyumba ikayumba, bati likalia, namba zikapotea. Ardhi ilipotulia, mke wangu akauliza kutoka uani, "Haya profesa, kilomita ngapi?"

Nyumba ilibaki imesimama. Ila ukuta wa upande, ile pembetatu inayoshika bati, ulipasuka kutoka dirishani hadi juu, ukainama kidogo kwa jirani. Na chini yake pale ndipo lilipo jiko la jirani, kibanda kilichoegemezwa kwenye ukuta huohuo.

Huyu ni mama mtu mzima, alihamia mjini kutoka Katumba, anapika maandazi ya kuuza. Siku hiyohiyo alihamishia mafiga yake uani, mahali pa wazi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza kujaribu-jaribu, na kila zikijaribu moto wake ulizimika na unga uliokandwa ukaharibika.

"Baba, bomoa huo ukuta," akaniambia. "Mimi nitapikia wapi?"

Kubomoa ni kazi ya kutoka nje, na mimi ni mtu wa ndani. Nikamjibu kitaalamu. Nilichana karatasi vipande, nikavibandika kwa uji mzito juu ya ufa. Karatasi ikichanika, nikamweleza, ukuta unatembea. Isipochanika, umetulia, rudi jikoni.

Alitazama karatasi, akanitazama mimi. "Hii ndiyo itashika matofali?"

"Haishiki, mama. Inapima."

"Sawa."

Karatasi hazikuchanika. Nikapeleka habari njema. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kigoda, akakiweka ndani ya jiko lake, chini kabisa ya ufa. "Kaa hapo basi. Mimi napika huku nje. Maandazi yakiiva nakuita; ukiitika, na mimi nahamia leo."

Nilikaa. Ningekataa vipi mbele ya wateja wake? Nilianza kumweleza kwamba ukuta uliotikiswa haulazimiki kuanguka, kwamba inategemea. Likapita lori barabarani. Si tetemeko, lori tu. Mchanga ukanimwagikia shingoni, kisha donge la udongo likatua kwenye paja langu. Maelezo yaliishia hapo. Wateja wanasema nilitoka na kigoda mkononi. Sikumbuki.

Kesho yake fundi niliyemwita alipanda kushusha ile pembetatu. Hakuhitaji nyundo. Alikuwa anaokota matofali kama mtu anayetoa vikombe kabatini.

Hapo ndipo siri yangu ilipoonekana, ingawa mtaani kwetu si siri ya mtu mmoja. Tunajenga kwa tofali la kuchoma na tope, halafu saruji inayopatikana tunaipeleka upande unaotazama barabara, ili mpita njia aseme hapa kuna nyumba. Ukuta wangu wa mbele una lipu laini mpaka unateleza. Wa upande ulikuwa na tope tupu, mvua za miaka zimelilamba, na ufa ulifuata njia iliyokuwa imeshaandaliwa.

Nikamwambia jirani kwamba jiko lake sasa liko salama, na kwamba nitajenga upya mvua zikiisha. Alikuwa anarudisha mafiga ndani, mgongo ameupinda, hakugeuka.

"Safari hii saruji ianzie upande wangu. Huko barabarani hakuna anayepika."