Mtoni Hawajibu

Enzi zetu, ukitaka kusema na mtu aliye mbali, kwanza ulipanda ngazi. Waliokulia mtaa wa Malindi, huku visiwani, wananifahamu. Nyumba za mawe zina kuta nene hata mama akiita jikoni, aliye chumba cha mbele hasikii mpaka atumwe mtoto. Mtoto ndiye aliyekuwa simu ya nyumba. "Nenda kamwambie ami yako chai tayari," nawe umeshaitika "Naam" na kushuka nusu ya ngazi kabla ya kujua unatumwa nini. Wanangu leo wamo chumba kimoja, wanaandikiana kwa simu kuulizana nani amechukua chaja.

Simu ya waya ilikuwepo kwa jirani yetu, lakini aliitia kufuli kwenye kile kiduara cha namba, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Sisi kelele zetu tulizimalizia juu ya nyumba, kwenye sakafu ya kuanikia nguo. Huko ndiko tulikorusha tiara za karatasi, tukala ubuyu mpaka midomo ikawa myekundu, tukazomewa na majirani. Upepo ukitoka bandarini unaleta harufu ya karafuu, ukigeuka unaleta ya papa mkavu. Ukisimama pembeni unaiona pwani yote ya kaskazini, maji matupu katikati, na ng'ambo yake minazi ya Mtoni.

Hapo Mtoni ndipo alipokuwa akikaa Bi Zuwena, mdogo wake Bibi, mama yake baba, tuliyeishi naye. Na Bi Zuwena alikuwa hasemi na Bibi.

Hadithi yenyewe tuliisikia kwa vipande, maana watoto hatukusimuliwa mambo ya wakubwa. Mama yao alipofariki, Bi Zuwena alikuwa ameolewa Bwejuu, upande wa pili wa kisiwa, na njia ya Bwejuu siku hizo haikuwa hii ya lami wanayopita watalii. Mvua inanyesha, jua linakuchwa, watu wamejaa barazani. Bibi ndiye mkubwa, ndiye aliyeulizwa. Akasema maiti atolewe. Bi Zuwena alifika wanaume wanarudi makaburini na udongo mikononi. Hakulia. Alisimama chini ya ngazi, akasema, "Dada, hukunisubiri. Ngazi hii siipandi tena." Akageuka. Hata alipofiwa na mumewe akaja kukaa Mtoni kwa mwanawe, karibu kiasi cha kuja kwa miguu, ngazi hakuipanda.

Bibi naye alikuwa na kiburi chake. Alipojaaliwa kukivua, miguu ilikuwa imeshamwishia, hashuki tena kutoka ghorofani. Na radhi, kwa watu wale, haikuwa kitu cha kumtuma mtoto. Kutuma radhi ilikuwa kumdharau unayemwomba.

Basi ndipo Ami Salum, mdogo wake baba, baharia wa meli za mizigo, aliporudi safari na redio koli mbili, zile za mkononi za kuongelea bila waya. Mtaa mzima ulikuja kuziangalia. Zilikuwa nyeusi, nzito kama tofali, na eriali ndefu ya kuvutwa. Sisi tulidhani ni zawadi yetu. Ami akatutoa tamaa pale pale. "Hizi za mama. Moja inakwenda Mtoni. Hakuna atakayepanda ngazi ya mwenzake, na watasema." Baba alimwonya asichokoe ya zamani. Ami akamjibu kwamba mavi ya kale hayanuki. Baba akasema, "Hayanuki mpaka uyakanyage."

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, watu wanatakana radhi kabla ya kuingia Ramadhani. Redio ya pili akapewa Haroub, mjukuu wa Bi Zuwena, wa rika langu, na Bi Zuwena kwa ajabu hakuikataa. Siku ya kwanza tulijaribu chumbani kwa Bibi. Tukasikia mkoromo tu, kama mtu anakaanga samaki. Ami akasema ni kuta, mawe na chokaa vinameza sauti. Tukatoka varandani, mkoromo ukapungua. Tukapanda juu kabisa, eriali tukaivuta yote na kuisimamisha wima, na mara sauti ya Haroub ikatoka safi, tukapiga kelele za furaha mpaka njiwa wakaruka.

Kwa hiyo Bibi akabebwa. Baba na Ami Salum walimkalisha kwenye kiti, wakampandisha kila siku baada ya alasiri, naye amejifunga buibui lake kama anakwenda harusini. Ami akamfundisha: ukitaka kusema bonyeza hapa, ukitaka kusikiliza achia. Bibi akasema, "Nshafahamu, mie si mtoto." Kisha akaiingiza redio ndani ya buibui, akaielekeza mdomoni, akasema kwa sauti ya mtu aliyefika mlangoni, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Tulicheka, tukakatwa jicho. "Haya tokeni nyote. Nna maneno na mdogo wangu." Nasi tukatoka, hata baba mwenye ndevu zake, tukakaa kwenye ngazi nyuma ya mlango. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Maneno ya mkubwa huyasikilizi, na ukiyasikia hukuyasikia. Kilichotufikia ni mnong'ono, kisha kimya, kisha mnong'ono tena, kisha kimya kirefu. Mwisho ikaja sauti yake: "Njooni mnishushe. Mtoni hawajibu."

Tulipoichukua redio ilikuwa ya moto, na taa yake imezimika. Betri zimekwisha, na zilikuwa mpya.

Hapo ndipo ulipoanza ufundi wetu. Vijana wa leo mtandao ukikatika kidogo wanaurushia matusi na kungoja mtu wa kampuni. Sisi hatukuwa na wa kumtukana. Betri tulizianika juani pamoja na ubuyu. Sehemu zinakogusa betri tulikuta kutu ya chumvi ya bahari, tukazisugua kwa ndimu, kisha kwa msasa, kisha tukapuliza. Kulikuwa na kidude cha kuzungusha cha kunyamazisha mkoromo, ila ukikizidisha kinanyamazisha na mtu, basi tukakirejesha nyuma. Tukahakikisha namba ya chaneli huku na huko ni moja. Pampu ya maji ya jirani ilikuwa ikivuma ndani ya redio kila ikiwashwa, mama akaenda kuomba izimwe mpaka Bibi amalize. Kila tukijaribu sisi, Mtoni wanajibu. Akishika Bibi, kimya, na betri zinakufa.

Ami Salum akashuku kwamba tunazichezea redio asubuhi na kuzimaliza betri. Nilivutwa sikio bila kosa, na sikio hilo mpaka leo likipigwa na baridi nalikumbuka.

Ijumaa Haroub alikuja mjini kuswali na baba yake. Tukamuuliza. Akasema, "Sie twamsikia Bibi yenu wazi, sauti yatoka mpaka uani. Nyie ndio redio yenu mbovu." Yeye pia alikuwa akitolewa nje wakubwa wakisema, zaidi ya hapo hajui. Tukaona hayo maneno ya kitaalamu: redio ya mjini inasema, haisikii. Tukabadilishana, yao tukaichukua sisi, yetu ikaenda Mtoni. Siku ya pili yake mambo yakawa yale yale. Mtu mwenye akili hapo angekaa akafikiri. Sisi tulirudi kwenye ndimu.

Lakini siku hiyo ya Ijumaa, kabla Haroub hajaondoka, Bibi alimwita kitandani. Haroub alimpa shikamoo yake, akaitikiwa marahaba, kisha Bibi akauliza neno moja tu.

"Nikisema, bibi yako ananisikia?"

"Anakusikia wazi, Bibi."

Bibi akamshika kichwa, akasema, "Basi, mwanangu. Nenda." Hakumuuliza kama anajibiwa. Hilo lingekuwa kumtia mtoto katikati ya watu wazima. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni na bilauri ya maji, na nilimwona anageukia ukutani. Kwake yeye sasa jambo lilikuwa limekwisha kufahamika: Zuwena anasikia, na anakataa kujibu.

Hata hivyo kesho yake akasema apandishwe tena. Na kesho yake. Kwa mwenye kosa, kukataliwa si sababu ya kuacha kuomba. Mpaka mwezi ulipoandama, watu wakapiga kelele barazani na mama akaanza kuroweka choroko, Bibi alikuwa hajapata neno. Siku za mwanzo za mfungo homa ikamshika, na katika kumi lile la kwanza akatutoka.

Safari hii baba alisimama mlangoni na kusema hakuna atakayemgusa maiti mpaka afike wa Mtoni. Wazee wakanung'unika, jua halingoji, baba hakusikia. Bi Zuwena alifika akiwa ameshikwa mikono huku na huku. Alitua chini ya ngazi kidogo, akaiangalia, kisha akaipanda, anapumzika, anaipanda. Akaingia, akamfunua dada yake uso, akamtazama muda mrefu.

Baada ya maziko, akina mama wamekaa chini juu ya jamvi, nami nimeingia na Haroub kumpa mkono, ndipo aliposema. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayemalizia mazungumzo.

"Nlimjibu. Siku ile ile ya mwanzo nlimwambia, Dada, nshakusamehe, nami nisamehe. Yeye kimya, napata pumzi zake tu. Kesho akaniomba tena. Nkadhani anataka nimrejeleze, nkamrejeleza. Kila siku akiniomba, kila siku nampa. Nkasema Sikukuu Mosi ya Idi ntakuja mwenyewe, nimkumbatie."

Mama akainua uso. Haroub, aliyekuwa hajafundishwa vizuri kunyamaza, akauliza, "Kwani pumzi zake ulizisikiaje, Bibi? Si mpaka mtu awe amebonyeza?"

Redio ile, mtu akiwa amebonyeza, yeye anasikika, lakini hasikii. Redio haina masikio mpaka uachie. Ndiyo maana ilikuwa ya moto, ndiyo maana betri zilikufa. Tulikuwa tumekagua eriali, betri, kutu, chaneli na pampu ya jirani. Kidole gumba cha Bibi, ndani ya buibui, hakuna aliyekikagua. Na nani angethubutu?

Mama ndiye aliyemweleza Bi Zuwena, taratibu, ameishika redio mkononi. Kwamba Bibi hakusikia hata neno moja. Kwamba alikuwa akibisha hodi na kubaki pale pale, kidole kimebana, kwa sababu mtu aliyepiga hodi haondoki kabla hajaambiwa karibu. Kwake kuachia kile kitufe ilikuwa ni kumpa mgongo mdogo wake kabla hajajibu.

Bi Zuwena akaichukua redio, akaipapasa mpaka akakipata kitufe. Akakibonyeza, akakishikilia.

"Kumbe safari hii alinisubiri," akasema. Kisha ndipo alipolia, kilio ambacho nadhani alikuwa amekizuia tangu siku ile ya mvua chini ya ngazi.

Miaka imepita. Haroub yuko Maskati, Bi Zuwena alimfuata dada yake, na nyumba yetu ya Malindi sasa ni hoteli. Kwenye sakafu ya juu wameweka viti vya kamba na mgeni hunywa juisi pale pale Bibi alipokuwa akiomba radhi. Mkoromo hakuna tena duniani. Mwanangu aliye Dar es Salaam akinipigia namwona mpaka kidonda cha chunusi, na sauti yake safi kama yumo chumbani. Lakini naona watu hatujapona maradhi yale. Vijana wananiletea maneno yao ya kurekodi, marefu kama hotuba, "Baba hiki, Baba kile," wakimaliza wameshakwenda zao, jibu langu watalisikiliza wakipanda basi, wakikumbuka. Bibi kosa lake lilikuwa kungoja bila kuachia. Hawa wanaachia bila kungoja. Sijui lipi baya zaidi, ila najua lipi linaniuma.

Ningetamani siku moja tu ya Shaabani ile. Nisingehitaji ndimu wala msasa. Ningevunja adabu yote niliyofundishwa, nikaufungua ule mlango wa juu, nikampigia Bibi magoti na kumwambia, niachie kidogo, Bibi, anakujibu.

Nimebaki na mazoea ambayo mwanangu anayacheka. Nikimaliza kusema kwenye simu, nanyamaza kabisa, kidole gumba nakiinua juu kwenye hewa, nangoja. Naye huanza kupapatika huko aliko.

"Baba? Baba, umekatika? Huku mtandao mbovu."

"Sijakatika, mwanangu," namwambia. "Nnakusikiliza."